Dira Kando ya Tochi

Mama Pezi alipoingia stoo ya wazamiaji na kukuta dira yake imehamishwa, mori ulimpanda hapo hapo. Dira ile aliichagua mwenyewe, na dukani alimtoa muuzaji jasho. Kila moja aliishika akaiinamisha huku na huku, aone kama mshale unaendelea kuzunguka au unakwama, kwani mzamiaji si meza, hakai sawasawa. Akataka uso mpana na mshale unaong'aa, maana maji ya gatini ni tope tupu, hata kiganja chako mwenyewe hukioni. Aliyoipata akaifunga kifuani kwa kamba fupi, mbali na kisu, mbali na chuma chochote. Hakumwomba mtu msaada.

Sasa ilikuwa kwenye kibao cha kuvaa mkononi, imelala ubavuni mwa tochi mpya kama maharusi.

Aliyeifunga ni fundi wa vifaa, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mumewe pia. Mume akiwa ndiye fundi wako, ugomvi mmoja unaulipia mara mbili, kazini na nyumbani. Fundi alikuwa na maelezo tele: mwanga wa tochi uimulike dira, jicho lisome vyote pamoja, mkono wa pili ubaki huru. Akaongeza kwamba amekwisha kuijaribu pale mezani na mshale haukutikisika. Alisema hayo akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomwagia moto petroli. Mikono anayo mtu yule. Masikio ndiyo hana.

"Uliijaribu tochi ikiwa inawaka?" Mama Pezi aliuliza.

Fundi akasema hapana, angemaliza betri za nini.

Mama Pezi akakiweka kibao mezani, akasukuma swichi ya tochi. Swichi zile zina sumaku ndani, ili maji yasipate tundu la kupenyea. Sumaku ikasogea, na mshale wa dira ukaifuata kama mbwa aliyeitwa na bwana wake. Kaskazini ikahamia dirishani.

Akampasha. Akamwambia ujuaji wake utaua mtu, na kwamba vifaa vya mzamiaji haviguswi bila ruhusa. Alitegemea abishe, wamalizane. Fundi hakubisha.

"Mama watoto, vibao nilifunga viwili," akasema. "Kingine amekivaa shemeji."

Mdogo wake Mama Pezi alikuwa tayari yuko chini anakagua bomba, na kwa dira hiyo ndiyo angeitafuta ngazi ya gati akirudi. Kando ya ngazi, kivuko kilikuwa kimeanza kunguruma.

Mama Pezi alitoka mbio. Alimtuma mumewe akamzuie nahodha, amlalie miguuni ikibidi. Mwenyewe akashika nyundo akaigonga ngazi ya chuma mfululizo, ishara ya mzamiaji kuibuka hapo hapo alipo. Aligonga kwa hasira zote alizokuwa nazo, za stoo na za nyumbani, mpaka kiganja kikachubuka. Injini ya kivuko ikazimwa. Maji yakatulia, hakuna kitu. Akaendelea kugonga.

Kichwa kiliibuka nyuma ya kivuko, karibu na panga za injini yake kiasi cha kuzigusa kwa mkono. Mdogo wake akavua miwani, akaitafuta ngazi kwa macho, kisha akautazama mkono wake.

Walipomvuta juu, Mama Pezi alimkamata suti kifuani akamtikisa. Akamuuliza kwa nini hakuibuka alipoona njia inarefuka, ngurumo ile hakuisikia, ana kichwa au boga?

"Niliisikia, dada," alisema, bado anahema. "Hata moyo ulikataa. Lakini si wewe uliyenifundisha, chini ya maji usiusikilize moyo, fuata dira?"

Mama Pezi akamwachia. Akachomoa kisu akaanza kukata mikanda ya kile kibao. Fundi alinyoosha mkono amsaidie, akauona uso wa mkewe, akaurudisha mkono.