Mafundo Manne ya Waya

Mama hufuma sweta za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mtaa wa Section 58, chini ya balbu moja. Waya wa balbu hiyo ulikuwa mrefu kupita kiasi, basi fundi wa stima akaufunga mafundo manne manene ili isitugonge vichwani. Nimekua nikiyaona mafundo hayo, hata nikaacha kuyaona.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mada ya mwanga hunitia hasira kila mwaka. Nikisema umbali kutoka kwenye balbu ukiongezeka mara mbili mwanga haubaki nusu, unabaki robo, darasa zima hunitazama kana kwamba nimewaibia. Kwa hiyo huwa napima mwanga kwa Mama kwa programu ya simu, ninawapelekea namba.

Julai hii nilienda Jumamosi asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito na taa ilikuwa inawaka. Nikaweka simu juu ya mashine yake ya kufuma.

"Watu wanapima presha na sukari," Mama akasema. "Wewe unapima taa. Haya, pima."

Namba ilikuwa mara nne ya ile niliyoandika mwaka jana mahali pale pale. Nikailaumu simu. Balbu ilikuwa ile ile, nilinunua mwenyewe. Nikachukua tepu yake, nikapima kutoka balbu hadi kwenye mashine: umbali ulikuwa nusu ya ule wa mwaka jana. Ndipo nikatazama juu. Fundo moja tu lilikuwa limebaki.

"Mama, nani amefungua mafundo?"

"Ni mimi. Nilipanda stuli."

"Yote matatu?"

"Si siku moja. Uzi wa bluu na mweusi ulikuwa unanichanganya, nikafungua la kwanza. Halafu ukanichanganya tena." Akalitazama lililobaki. "Hilo nimeweka akiba."

Niliona aibu. Nilikuwa nimekuja hapo kila mwezi, nikanywa chai, nikajisifu kuhusu wanafunzi wangu, na sikuona kitu.

"Jumatatu tunaenda kwa daktari wa macho," nikasema.

Alivuta uzi kidogo, akaulegeza.

"Na akiniambia niwache kufuma?"

Nikazima taa, nikapanda stuli, nikamfungulia fundo la mwisho.