Sharti la Kumi na Tano

Kibao cha masharti kwenye bustani ya michezo ya Arsène, pale ukingoni mwa Lualaba, kilikuwa na masharti kumi na manne ya kupiga picha, na kila sharti lilikuwa na sababu yake. Hakuna ofisi mjini Kindu iliyowahi kujieleza kiasi hicho. Watu waliokuja kupanda bembea walijikuta wamesimama wanasoma, wengine kwa sauti, kama wanafunzi wanaotafuta majina yao kwenye matokeo ya mtihani.

“Usirudi nyuma ukiangalia simu. Sababu: nyuma kuna mto.”

“Usimpige picha muntu anayekula. Sababu: anakula.”

“Aliyefiwa asipigwe picha bila ruhusa yake, hata akionekana anacheka. Sababu: kicheko chake hukijui.”

Aliyekiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi, alikuwa mlinzi wa mlango, Papa Sumaili, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma na saa ya mkononi iliyosimama zamani. Arsène, mwenye bustani, alikuwa amemwomba sharti moja tu: fimbo za selfi zisipande kwenye bembea ya kuzunguka. Bembea hiyo ilikuwa viti vinane vilivyoning'inizwa kwa minyororo kwenye nguzo, vikizungushwa na mota iliyotolewa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alipanda na fimbo yake, ikaingia kwenye mnyororo wa jirani, na simu ikaenda kukaa Lualaba. Arsène alitaka maneno matano. Sumaili alikaa na ubao siku mbili.

“Papa Sumaili, hii ni bustani ao ni katiba?” Arsène aliuliza alipokiona.

“Patron, muntu akatazwe kitu alichokisoma,” Sumaili akajibu. “Asichosoma, asiulizwe.”

Arsène alidhani huo ni uzee. Haukuwa uzee.

Wakati wa vita, mji ulipokuwa mikononi mwa waasi, Sumaili alikuwa mpiga picha wa mtaa. Alikuwa na kamera ya Kirusi nzito kama tofali, na alikuwa akiitwa kwenye ndoa, ubatizo na sherehe za tohara, kwa maana watu waliendelea kuoa, kubatiza na kutahiri. Vita haikuuliza na wao hawakuiuliza. Siku moja aliwapiga picha watoto watatu waliotoka jandoni, wamepakwa unga, wamevaa kanzu mpya, karibu na bandari kwa sababu hapo mwanga ulikuwa mzuri. Nyuma yao kulikuwa na chombo kinapakia masanduku. Sumaili aliona watoto. Askari aliyekuwa akilinda masanduku aliona masanduku.

Alikaa siku nane katika ghala la mpunga lisilo na mpunga.

“Nani alikutuma?” mkubwa wao alimuuliza kila asubuhi.

“Shangazi ya watoto,” Sumaili alijibu kila asubuhi, na ilikuwa kweli, na kila asubuhi ilionekana kuwa jibu baya zaidi.

“Hukujua kama ni marufuku?”

“Hapana, mukubwa. Iliandikwa wapi?”

“Sasa unajua.”

Siku ya nane walimrudishia kamera. Filamu waliivuta yote nje juani, polepole, mbele yake, kama mama anayekunjua kitambaa sokoni. Ilikuwa na picha thelathini na sita. Sumaili alipita nyumba kwa nyumba akieleza. Wengi walimpa pole na chai. Lakini Mama Nathalie wa Mikelenge, ambaye mwanawe Alain alipigwa picha kwenye filamu hiyo wiki moja kabla ya kushuka na mto kuelekea Lokandu asirudi tena, alimuuliza jambo moja, na aliendelea kumuuliza kwa miaka kila walipokutana, bila hasira: “Papa, haikubaki hata nusu?”

Simu zilipokuja, kila mtu akawa mpiga picha, na Sumaili akawa mlinzi.

Siku ya Idi ya mwaka huu bustani ilijaa tangu saa saba mchana. Kindu Wakristo hawakosi Idi kama vile Waislamu hawakosi Noeli. Familia zilikuja zimevaa kitenge cha aina moja kuanzia bibi hadi kitoto cha mgongoni, na kila familia ilitaka picha yake juu ya mamba wa saruji. Mbele ya mlango akasimama Falone, msusi wa nywele kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, amefuatana na shangazi yake Adolphine, muuza mawese mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili. Mkononi Falone alikuwa na fimbo ya selfi ya rangi ya dhahabu.

“Hiyo haipandi bembea, mama,” Sumaili alisema.

“Papa, hii ilikuja na ndege toka Goma. Haiwezi kulala kwa mulango kama mbuzi.”

“Kama haipandi, ingia nayo. Lakini usimame nyuma ya musitari mweupe wa kuzunguka bembea. Sharti la tatu.”

“Na sababu?”

“Imeandikwa.”

Falone alisoma masharti yote kumi na manne, kwa sauti, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakamtukana kwa upole. “Aya,” alisema. “Nitasimama nyuma ya musitari. Kidole kimoja kikivuka, unikamate, Papa, unifunge kwa ule mamba.”

Alisimama nyuma ya mstari. Sumaili alimwangalia kwa macho yake: vidole vyote kumi vilikuwa ndani ya sheria. Adolphine alipanda kiti cha tano, akafunga kitambaa kichwani upya, mota ikanguruma, harufu ya pumba za zamani ikatoka, viti vikaruka. Falone alirefusha fimbo yake juu ya vichwa vya watu na kurekodi. Mzunguko wa nne, mnyororo wa kiti cha tano ulikatika.

Adolphine alipita hewani akiwa amekaa, heshima yake yote ikiwa naye isipokuwa kitenge, ambacho kilitangulia upande wa kichwa. Akatua kwenye lundo la makapi ya mpunga ambayo Sumaili huyamwaga kando ya bembea kwa sababu ya matope. Fundi wa mota aliizima, kisha akakimbia.

“Kiatu changu kiko wapi?” Adolphine akauliza kutoka kwenye makapi.

Hapo watu wakajua ni mzima, na makelele yakaanza. Arsène alifika anakimbia, shati nje. Alipoona shangazi anasimama alishukuru Mungu; alipoona fimbo ya dhahabu bado iko juu, aliacha kushukuru.

“Papa Sumaili, kamata ile simu. Ufute.”

Miaka mingi ya kutii ina nguvu zake. Kabla hajafikiri, Sumaili alikuwa ameshaichukua simu kutoka kwenye fimbo, na Falone amebaki na fimbo tupu, mdomo wazi.

“Papa! Miye nilivuka musitari?”

“Hapana, mama. Hukuvuka.”

“Sasa unanikamata sababu gani? Ndani ya ile simu kuna mama yangu, kuna watoto, kuna kila kitu!”

“Ufute, Papa,” Arsène alirudia kwa sauti ya chini. “Ile video ikifika kwa wakubwa wa commune, Jumatatu wanafunga bustani. Weye unajua. Tutakula nini, miye na weye?”

Sumaili alikuwa anajua. Arsène hakuwa mtu mbaya. Alikulia msituni upande wa Kailo wakati ule ule wa vita, mgongoni mwa mama anayekimbia. Picha ya utoto wake hana hata moja, na labda ndiyo maana alikuja kujenga mahali ambapo watoto wa wengine wanapigwa picha mpaka wanachoka. Minyororo aliinunua mitumba kwa sababu mipya haikuwepo. Na Sumaili, katika umri wake, asingepata mlango mwingine wa kulinda. Yote hayo yalikuwa mkononi mwake, pamoja na simu yenye joto la mkono wa mtu mwingine.

“Patron,” alisema, “kupiga picha kiti kinachokatika haiko kwenye kibao.”

“Basi uongeze!”

“Nitaongeza.”

Akaweka simu mfukoni mwa shati lake, akaenda kibandani, akarudi na kopo la rangi na brashi. Watu walimfuata. Chini ya sharti la kumi na nne ilikuwa imebaki nafasi. Sumaili aliandika kwa utulivu, bila kuruka herufi, na umati wa Idi ukasoma pamoja naye neno baada ya neno: “Ni marufuku kupiga picha kiti cha bembea kikikatika.” Halafu akaandika “Sababu”, akaweka nukta mbili, akageuka na brashi ikidondosha rangi kwenye kiatu chake.

“Sababu niandike nini, patron?”

Hakuwa anamtania. Hilo Arsène alilijua, na ndilo lililomshinda. Aliangalia ubao, akaangalia watu wenye vitenge vya kufanana, akamwangalia Adolphine mwenye kiatu kimoja, anayengoja jibu kuliko wote.

“Mupatie simu yake,” alisema mwishoni. “Na kesho usikuje.”

Sumaili alimrudishia Falone simu kwa mikono miwili. Kisha akachovya kitambaa kwenye petroli na kufuta sharti la kumi na tano, maana sharti lisilo na sababu hakuliacha ubaoni hata siku aliyofukuzwa.

Alikaa nyumbani siku tatu. Mke wake, Mwanahamisi, hakumlaumu; alimpa mpunga apepete, na hilo lilikuwa zaidi ya lawama. Siku ya nne Arsène alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

“Fundi wa kuchomea vyuma anasema hawezi kujua kosa liko wapi. Minyororo yote imelika kidogo kidogo, na vipande vya ule uliokatika vilipotea mu makapi. Anataka kuona ni pete gani ilianza kuachia.” Akainamisha macho. “Iko muntu mumoja tu mwenye kurekodi.”

“Falone.”

“Miye peke yangu atanitupa mu mto, Papa.”

Wakavuka kwa pirogi hadi Alunguli, wawili hao na fundi. Falone aliwasikiliza akiwa anasuka kichwa cha mtu, asiache hata uzi mmoja. Video hakuwa ameituma popote.

“Siyo sababu ya huruma,” alimwambia Arsène. “Mule ndani kuna shangazi na nguo yake ya ndani. Yeye ndio mwenye picha. Mumuulize.”

Adolphine aliwangojesha. Kwanza aliuza mawese kwa wateja wote, hata waliokuja kuuliza bei tu. Baadaye aliwaita, akamtaka Arsène aseme kwa mdomo wake kwamba mnyororo ulikuwa mbovu na kwamba yeye Adolphine si mzito. Arsène alisema yote mawili, la pili kwa bidii zaidi.

“Fundi peke yake ataangalia,” Adolphine aliamua. “Na ataangalia mnyororo.”

Wakakaa kwenye benchi, fundi katikati na simu mkononi, Falone na Adolphine wamesimama mgongoni mwake. Arsène na Papa Sumaili waliambiwa wageukie ukuta.

“Kesho saa mbili, Papa,” Arsène aliuambia ukuta.

“Saa mbili,” Sumaili naye akaujibu ukuta.

Nyuma yao fundi alisema ameiona, pete ya sita kutoka juu, lakini angependa kurudisha nyuma kidogo ahakikishe. Adolphine aliruhusu. Kiganja chake kikubwa, bado kina mafuta, alikuwa amekilaza juu ya nusu ya chini ya kioo cha simu, na hakukiondoa hadi video ilipokwisha mara ya tatu.