Nilimwambia dada yangu aokoe ng'ombe dume, amwache mama yake

Wakuu, heshima kwenu nyote. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, leo naliandika kama lilivyokuwa, sijatia chumvi. Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, kwa hiyo Kiswahili cha kwetu mkikiona humu mnivumilie.

Wakati wa vita ya pili ya Kongo nilikuwa veterinaire wa kijijini, mtu wa kutibu mifugo. Msiwaze daktari mwenye gari. Mafunzo ya miezi michache, sindano mbili, begi, basi. Lakini kwetu ukishika sindano unaitwa dokta, na mimi jina lile nililipenda kupita kiasi.

Dada yangu mkubwa, kwetu tunasema yaya, Yaya Mapendo, alikuwa mjane mwenye watoto wanne pale Lweba. Marehemu mumewe alimwachia ng'ombe jike mmoja aliyetoka Minembwe.

Yule jike acheni tu. Madume waliompanda walikuwa wa kawaida, lakini ndama wake wote walitoka wakubwa, mapaja yamejaa. Wachinjaji wa mji wa Baraka walikuja kuwatazama kabla hawajaacha kunyonya. Ndama wale ndio waliosomesha watoto. Yaya alibakiza dume mmoja tu, naye alikuwa mzito kama ndugu zake.

Vita ikatufikia. Watu wakaanza kuvuka ziwa kwa boti kwenda Ubwari. Mwenye boti akasema, "Bantu kwanza. Nyama ni moja tu." Alimaanisha watu kwanza, na kila nyumba mnyama mmoja.

Yaya akafungua kamba ya jike. Nikamzuia.

Kwetu mtoto ni wa baba, ukoo ni wa baba. Ng'ombe nao tunawahesabu hivyo hivyo: ndama akiwa mzuri, swali ni dume gani alipanda. Mimi niliamini hayo hayo, ila niliyavika maneno ya shule. Nikamwambia dume mmoja anapanda majike ya kijiji kizima, jike anazaa ndama mmoja kwa mwaka.

"Na hii dume ilitoka mu tumbo ya nani?" akauliza. "Mi nabeba mama."

"Yaya, mi nilisoma hii kazi."

Akaniachia kamba. Dume akapanda boti. Tuliporudi, jike alikuwa ameshaliwa na wenye bunduki.

Tukapatana na majirani: majike yao, dume wetu, ndama tunagawana. Wakazaliwa wadogo. Wa kwanza, wa pili, wa tano, wote wa kawaida tu. Yaya akabaki na mitamba watatu, binti za yule dume ambao hawajazaa, kisha dume akafa kwa homa.

Nikamshauri tena, sikuwa na aibu. "Hawa hawana kitu, damu imeisha. Uza." Wote watatu wakaenda bucha Baraka. Watoto wawili wakaacha école, masomo yakaishia hapo, Yaya akahamia Baraka kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Miaka ikapita, nikaitwa semina ya ufugaji Uvira. Mwalimu akaeleza kwamba kuna jeni zinazofanya kazi zikitoka kwa mama tu. Zikitoka kwa baba zinalala. Dume aliyezipata kwa mama yake atakuwa mkubwa, lakini watoto wake hawataonyesha kitu. Waliozirithi wanazibeba zimelala. Binti zake wakizaa, zinaweza kuamka kwa wajukuu.

Nikaacha kuandika. Wale mitamba watatu.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea, maana hakuna mnyama aliyebaki wa kupima. Lakini moyo wangu ulishajua.

Nikaenda kumweleza. Nadhani nilitaka anisamehe. Alikuwa anachambua ndagala, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi bale batoto ba dume, bale badogo, balikuwa nayo ndani?"

"Pengine, Yaya."

"Na tulibapeleka bucha."

"Ndiyo."

Akaweka chini ndagala alizoshika. "Mi nilikuwa nasema ni vita ilinimaliza. Nilikuwa nimeshazoea ivo. Hii we ungebaki nayo."

Akarudi kwenye ndagala zake.

Nilichojifunza: anayeamka na mnyama kila siku msikilize kabla hujafungua daftari lako. Na ukweli unaompelekea mtu, jiulize kwanza ni wa kumsaidia yeye au wa kukupumzisha wewe.

Wafugaji mliomo humu, mmewahi kuona sifa ikiruka watoto ikatokea kwa wajukuu? Niambieni. Na kama yupo anayejua namna ya kuishi na dada ambaye hakuulizi tena jambo lolote, naye aandike hapa chini, nitasoma.