Siku Niliyoligonga Fuawe la Chebunyo

Fuawe kuukuu, lile pande la kufulia vyuma, halinunuliwi kwa macho. Macho yangu yaliwahi kuninunulia moja pale Kericho, jeusi, zito, la kuvutia, na wiki ya pili pembe yake ikakatika kama kipande cha sabuni. Mke wangu anakitumia kipande hicho kuzuia mlango usipigwe na upepo, na kila akikisogeza ananitazama. Kwa hiyo nilipokwenda Chebunyo kumwona mjane aliyekuwa akiuza fuawe la marehemu mumewe, nilibeba gololi ya bearing mfukoni na nyundo kwenye kikapu. Nilijiapiza kwamba mara hii nitasikiliza chuma kabla ya kutoa hela.

Nilikuwa nalihitaji kweli. Miaka ishirini na miwili nilikuwa fundi katika karakana ya kiwanda cha majani chai, na mke wangu alikuwa mchumaji. Zilipokuja mashine za kuchuma, yeye na wenzake wakaondolewa, na mwaka uliofuata karakana ikapunguza watu, nami nikiwamo. Tulihama nyumba za kampuni tukapanga chumba, nikaona nitaishi kwa kufua majembe na visu vya kupogolea chai.

Lakini kilichonichoma hakikuwa barua ya kuachishwa kazi. Kijana wetu wa kwanza aliajiriwa kuendesha mashine zile zile. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba mkono uliomtoa mama yake shambani usije ukagusa mlango wangu. Akaenda. Nikaifuta namba yake kwenye simu na kuapa kwamba sitakuwa wa kwanza kumtafuta. Mke wangu aliniambia mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Nikamwambia akomee hapo hapo. Miezi minane ikapita.

Basi nikafika Chebunyo asubuhi, na dereva wa pikapu niliyoikodi akabaki nje barabarani. Asili yetu ni ziwani, ingawa nilizaliwa kwenye chai, na Kikipsigis changu ni cha salamu na sokoni. Mjane alinipokea vizuri. Mwanawe mkubwa alikuwapo, na mkwewe akaniletea chai, mtoto mdogo kamshika sketi. Bei tulishakubaliana kwa simu. Fuawe lilikuwa chini ya kibanda, juu ya gogo, limefunikwa gunia.

Niliiangusha gololi juu yake, ikaruka karibu irudi mkononi, dalili ya chuma kigumu. Mjane akatabasamu. Ningeishia hapo, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikatoa nyundo.

Nina mazoea mabaya, na sijawahi kumwambia mtu. Tangu kijana aondoke, kila nikigonga chuma namwona yeye, na hasira inashuka hadi mkononi. Siku hiyo pia. Niligonga ukingoni, nikagonga katikati, nikagonga karibu na pembe. Mlio ulikuwa safi. Nikageuka nikicheka ili niwaambie kwamba hapa kweli kuna fuawe.

Hakuna aliyecheka. Mkwe alikuwa amembeba mtoto, akaingia ndani na kufunga mlango. Mjane alikuwa ameshika kifua. Mwanawe akatembea taratibu akasimama kati yangu na lango. Sisi wa ziwani tunaoishi huku, miaka ya uchaguzi na fujo zake imetufundisha kusoma nyuso, na nilichosoma usoni mwake kilinifanya niishushe nyundo.

"Mzee," akasema, "umemtaja nani?"

"Kumtaja vipi? Mimi najaribu chuma tu."

"Hapa kwetu hiyo kitu haigongwangi bure. Baba alikuwa anagonga kama moto iko na kazi iko. Ikigongwa baridi, kuna mtu analaaniwa. Mtu akiibiwa ng'ombe alikuwa anakuja hapa, baba anagonga, anasema. Wezi walikuwa wanarudisha ng'ombe mbio."

Ndipo nikaelewa kwamba walikuwa wananiogopa mimi. Mgeni amekuja na nyundo yake, amegonga mara tatu nyumbani mwao, na hawajui ni mtoto wa nani aliyegongewa. Niliomba msamaha. Nikasema mimi ni mtu wa kanisa, sina habari na hayo.

"Hata sisi tunaenda kanisa," mjane akasema. Akanisogelea. "Kama hukusema na mdomo, ulikuwa na nani kwa roho?"

"Hakuna mtu, mama."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Kama hakuna, ni sawa, beba uende. Kama yuko, mwite jina, na yeye aitikie, kabla hiyo chuma haijashushwa kwako nyumbani. Akiitika, imeisha."

Tulilipakia, dereva akawasha gari, na barabara ya Chebunyo ikaanza kazi yake. Kila shimo, fuawe lilirukaruka nyuma na kugonga chuma cha gari. Kila mlio niliuona ni laana nyingine; nilihesabu mara nne, nikashindwa kuendelea. Nilijua mashine anayoendesha kijana wangu. Niliwahi kunoa meno yake karakanani, na niliona kidole cha mtu kikienda pamoja na majani. Nikamwomba dereva apunguze mwendo.

"Mzee, nikipunguza tena tutapitwa na kondoo."

Sikuwa na namba ya kijana. Ilinibidi nimpigie mama yake. Akauliza kuna nini. Nikamwambia anipe tu. Alinisomea tarakimu moja moja, nami nikaziandika kiganjani. Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, na tena.

Tulipofika Sigor nilimsimamisha dereva nikavua koti na kulilaza fuawe juu yake. Halikutulia. Basi nikapanda nyuma mwenyewe, nikakaa chini, nikalizungushia miguu na kulikumbatia kifuani, mtu mzima mwenye mvi, watu wa soko wakiniangalia. Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Niliomba kwa Mungu wangu, kisha nikamwomba marehemu nisiyemjua, mwenye fuawe, kwamba mimi sikujua. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili siku hiyo. Desturi sikuijua, lakini hasira niliijua.

Baada ya Bomet, chai ilipoanza, simu ikatetemeka. Nilikaribia kuiangusha barabarani.

"Baba?" Sauti yake ilikuwa nyembamba, na nyuma yake sikusikia mashine, nilisikia watu wakiongea. "Nimewasha simu nikapata missed call zako. Baba, ni mama? Mama amekufa?"

Mtoto wangu hakuweza kufikiria sababu nyingine ya mimi kumpigia.

"Baba, niambie tu. Ni mama?"

"Mama yako yuko nyumbani, ni mzima," nikasema. "Wewe je? Mikono yako iko?"

"Mikono? Iko. Tuko kwa chakula. Baba, unalia?"

Nikamwambia ni upepo, niko nyuma ya pikapu. Kisha nikamwambia, nitakuita jina, wewe uitikie tu, usiniulize kitu. Nikamwita.

"Niko hapa, baba."

Mjane alikuwa amesema akiitika imeisha. Lakini mimi niligonga mara tatu. Nikamwita tena, akaitika. Nikamwita mara ya tatu, na mara hiyo alichelewa kidogo, kwa sababu naye alikuwa analia.