Nilimpa Shemeji Pamba ya Uongo, Boti Ikajaa Maji

Wewe unayesoma hapa, nisikilize kidogo, na ukicheka, cheka polepole. Kosa ni langu. Nilimharibia shemeji yangu jina kwa sababu nilikuwa namkwepa mama mkwe.

Mimi nashona magodoro na mito hapa Busia. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi wa boti za mbao kule Majanji, ziwani. Mama Nabwire, mchuuzi wa samaki, alimletea boti ya mvule ya marehemu baba yake. Ilikuwa imekaa nchi kavu hadi kuku wakawa wanatagia humo.

Nikueleze kazi yenyewe, si ngumu kuelewa. Mbao zikikauka zinasinyaa, zinaacha nafasi kati ya ubao na ubao. Fundi anasokota pamba iwe kamba nyembamba, anaigongea ndani ya nafasi hizo, kisha anapaka lami. Boti ikishuka majini, pamba inakunywa maji na kuvimba, na mbao nazo zinavimba. Maji hayana pa kupita.

"Shemeji," akanipigia simu, "nenda Mulanda kwa Mama, chukua pamba ya shamba. Mikono yako najua, nisokotee kabisa."

Tatizo lilikuwa hapo Mulanda, maana Mama wake ndiye mama mkwe wangu. Nilikuwa nimemwahidi banda la mbuzi, na sikuwa nimepeleka hata mti mmoja. Nikaona haya.

Dukani nina pamba ya kiwandani ya kujazia mito. Nyeupe, laini, lakini ni plastiki tu, haijui kunywa maji. Nikaisokota vizuri, nikaipaka mafuta na vumbi kidogo ifanane na ya shamba.

"Hii ni ya Mama?" Shemeji akauliza.

"Ya Mama kabisa. Anakusalimia."

Siku ya kushusha boti, Mama Nabwire alipanda na majirani zake na sufuria ya pilau. Hawajafika mbali, ndala zake zikaanza kuelea.

"Fundi, boti yako inakojoa ndani!" Mama Nabwire akapaza sauti.

Walirudi wakichota maji kwa sahani za pilau. Watu wa ufukweni walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo Shemeji akaitwa Chujio, na waliomwachia boti zao azitengeneze wakaanza kuzihamisha.

Na mimi nilicheka nao. Hapo ndipo panaponiuma.

Baadaye alikuja kwetu, akakaa jikoni akiangalia viganja vyake. "Shemeji, mkono wangu umezeeka. Nagonga, haishiki. Bora nirudi Mulanda nilime."

Fundi mzima, anaacha kazi yake kwa ajili ya uvivu wangu. Nikasema yote, mke wangu akisikia.

Akauliza, "Kwa hiyo Mama hakunisalimia?"

"Hakukusalimia."

"Sawa. Lakini umeniambia mimi, jikoni. Walionicheka wako Majanji."

Nilikwenda. Nikasimama kando ya ile boti, mbele ya wavuvi na wauza samaki, nikasema pamba ilikuwa yangu, ya mito, na mkono wa fundi hauna kosa.

"Kumbe ulitaka nilale humo?" Mama Nabwire akasema. Safari hii walinicheka mimi peke yangu, na nilistahili. Akanipa msumari, nikachokoa pamba yote juani, ubao baada ya ubao, huku wapita njia wakiniuliza kama nauza na mashuka.

Pamba ya kweli mama mkwe alinipa banda liliposimama, nikaisokota, Shemeji akaigongea upya. Boti sasa inavua, sakafu kavu. Jina la Chujio limefifia, ila baadhi ya wateja hawajarudi mpaka leo, na hilo siwezi kulirekebisha kwa sindano.

Basi na wewe, kama kuna mtu anabeba kosa lako, usimwombe radhi kwa kunong'ona nyumbani. Nenda palepale alipochekwa, watu wakiwa wamejaa, useme ulichofanya.