"Inawaka": Neno Lililofutwa Kwenye Jukwaa la Matrekta

Asubuhi ya Januari, kabla kahawa haijaiva, Raili Tolvanen anabeba ndoo ya oili nyeusi aliyoimwaga kutoka kwenye injini ya trekta na kuipeleka sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa moto. Leo sauna yake, nje kidogo ya mji wa Iisalmi nchini Finland, si ya kuogea. Anaiweka ndoo karibu na jiko, anafunga mlango na kurudi karakanani kusubiri.

Raili, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, ameendesha maisha kwa kutengeneza matrekta ya zamani. Kwa karibu miaka ishirini amekuwa pia msimamizi wa Talli, jukwaa la mtandaoni la wenye matrekta hayo, kazi isiyo na mshahara na yenye lawama tele.

Talli walikuwa na desturi yao. Ukiuliza, ukajibiwa, ukajaribu na injini ikakubali, unarudi kuandika neno moja tu: "Inawaka." Asante haikuhitajika. Aliyepatwa na shida hiyo miaka mingi baadaye alilitafuta neno hilo, na jibu lililokuwa juu yake ndilo aliloliamini.

Vuli iliyopita Eero Lampinen, mwenye jukwaa, alitangaza kwamba programu ya zamani imechakaa na lazima wahamie mpya. Wanachama walikuja juu. Raili ndiye aliyewabembeleza mpaka wakakubali, shingo upande.

"Eero akaniuliza, tufute majibu mafupi yasiyo na maana? Nikamwambia futa," anasema, akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. "Nilikuwa nafikiria takataka za wauza viatu wanaojitangaza humo. Inawaka haikunijia kichwani kabisa. Kwetu sisi lile halikuwa jibu, lilikuwa kama kupeana mkono."

Neno lilifutika jukwaa zima kwa siku moja. Nakala ya zamani nayo ilikwenda na seva ambayo Eero alikuwa ameshaacha kuilipia. Sasa programu mpya hupanga majibu kwa idadi ya vidole gumba, alama za kupenda, na Talli vidole gumba hupewa wachekeshaji.

Baadhi ya wanachama waliondoka kimyakimya. Wengine walibaki ili watukane vizuri. Mmoja aliandika kwamba Raili ameuza nyumba ili anunue pazia. Hilo lilimuuma, na anakiri lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Kisha mwezi Desemba akaja Onni Väisänen, mfugaji wa Sonkajärvi, akiwa amebeba trekta la babake juu ya lori. Baridi ilikuwa imeligandisha, naye akafuata jibu la kwanza aliloliona: imwagie injini maji yanayochemka. Ulikuwa utani wa zamani. Injini ilipasuka.

"Lilikuwa na vidole gumba vingi, mama," Onni alijitetea.

"Vidole gumba havijawahi kushika spana, mwanangu," Raili alimjibu. Kisha akaingia ndani, akakaa kitako jikoni na kulia.

Tangu siku hiyo anawapigia simu wanachama wa zamani, akiwaomba warudi waandike upya. Wachache wamekubali. Wengi wana vichwa vigumu kama matrekta yao.

"Mimi nilishaandika, Raili," mmoja alimwambia. "Uliyefuta ni wewe. Andika wewe." Akakata simu.

Na wapo ambao simu zao haziiti tena. Mauno Keränen, aliyefundisha jukwaa zima kupasha oili joto sauna na kuirudisha kwenye injini iliyoganda, alifariki mwaka juzi. Jibu lake bado lipo, lakini walioandika "Inawaka" chini yake wamefutwa wote.

Kwa hiyo Raili ameamua kuyajaribu mwenyewe majibu ya marehemu, moja baada ya jingine. Hajui kama umri utamtosha.

Anaitoa ndoo sauna, anamimina oili na kuwasha. Injini inakohoa, inasita, inashika. Anachukua simu na kuandika neno lile. Programu inamkatalia: ujumbe ni mfupi mno.

Anaandika tena: "Inawaka. Mauno alisema kweli." Safari hii unakubaliwa, na kuwekwa chini kabisa, chini ya utani wote, kwa kuwa hauna kidole gumba hata kimoja.

"Sawa tu," anasema Raili, akiuangalia. "Atakayekuwa na shida ya kweli atashuka mpaka chini."