Nyimbo Kwanza, Ndoa Baadaye

Juma lililopita nilikuwa nangoja fotokopi katika duka moja la kompyuta, Walikale, mashariki mwa Kongo. Mama mmoja, mkimbizi kutoka kijiji cha Kashuga, akafungua fundo la kitenge na kumpa fundi diski ngumu yenye nyimbo za koro, yaani kwaya, ya parokia yake na video ya ndoa yake.

Fundi aliichomeka, akatega sikio. Ilikuwa ikigonga ndani.

"Mama, hii iko nakufa. Itatupatia kidogo, kisha itanyamaza. Tuanze na nini?"

"Nyimbo."

"Na ndoa?"

"Mimi na papa, bwana yangu, tuko wazima, tunajua kama tulioana. Wenye waliimba, wengine hatujue wako wapi."

Nyimbo zikaanza kuhamia kwenye kompyuta. Mama akaomba asikie mmoja tu. Fundi akafunika kibodi kwa viganja.

"Hapana, mama. Tukifungua tunaichokesha. Tubebe kwanza, tutaangalia kiisha."

Nilidhani atabisha. Akacheka.

"Ndio vile tulikimbia. Unabeba, utachagua huko mbele."

Diski ilinyamaza nyimbo zote zimeshatoka, ndoa bado. Hapo ndipo fundi alipofungua wimbo wa kwanza. Mama alifumba macho, na kila sauti ilipoingia akataja jina la mwenye sauti hiyo polepole.

"Na papa utamuambia nini?" fundi akauliza.

"Kama anataka video, anioe tena."

Nami nina diski yangu nyumbani, bado ni nzima. Jioni ile niliichomeka, nikaanza kuandika orodha ya vitu vya kubeba kwanza.